Uvimbe usio saratani unaoziba maji ya ubongo

Familia ikiambiwa uvimbe ulio kichwani mwa mgonjwa wao si saratani, hushusha pumzi. Kwa uvimbe ulioota ndani ya vyumba vya ubongo, habari hiyo ni njema nusu tu. Hauvamii wala hausambai, lakini mahali ulipo panaweza kuua.

Vyumba hivyo ni vinne, vyote vimejaa maji: viwili vya pembeni, cha tatu katikati na cha nne nyuma, karibu na shina la ubongo. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kwa siku, ilhali kwa wakati mmoja ana mililita 150 hivi tu. Lazima basi yatiririke na kufyonzwa na damu muda wote. Tundu linalounganisha chumba cha pembeni na cha tatu lina upana wa milimita chache. Likiziba, maji hurundikana, vyumba hutanuka na ubongo hubanwa ndani ya fuvu.

Mwaka 1918 Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa Johns Hopkins, Marekani, alieleza njia ya kuvipiga picha vyumba hivi: alitoa maji, akaingiza hewa, kisha akapiga eksirei. Pale hewa ilipokosekana ndipo alipoutafuta uvimbe. Mwaka 1933 alichapisha kitabu kizima kuhusu uvimbe usio saratani wa chumba cha tatu. Kipimo chake kilikuwa cha mateso na hatari. Afueni ilikuja Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT jijini London.

Uvimbe ambao kila anayesoma CT za dharura anapaswa kuutambua ni sisti ya koloidi, kifuko cha ute mzito kinachoota kwenye dari ya chumba cha tatu, kando ya lile tundu. Mara nyingi huonekana kama duara jeupe kuliko ubongo, hata kabla ya mgonjwa kuchomwa dawa ya mshipa inayong'arisha picha. Ni kidogo, na ni rahisi kukipita. Mwenye nacho anaweza kuumwa kichwa kwa vipindi kwa miaka, kisha siku moja akapoteza fahamu na kufa.

Kwa aina nyingine, umri wa mgonjwa ni ushahidi mkubwa. Uvimbe wenye vifundo, unaong'aa sana baada ya dawa ndani ya chumba cha pembeni cha mtoto mdogo, huashiria papiloma ya tishu inayotengeneza maji yenyewe. Kwa mtu mzima, papiloma hiyo hukaa zaidi chumba cha nne. Kijana wa miaka 20 hadi 40 mwenye uvimbe ulioshikamana na ukuta kati ya vyumba vya pembeni, uliojaa vishimo kama povu la sabuni kwenye MRI, huenda ana neurositoma. Aina nyingine ni subependimoma, ambayo hupokea dawa kidogo au haipokei kabisa, na meninjioma, ambayo hung'aa yote sawasawa.

Katika maeneo yetu yenye minyoo ya tegu wa nguruwe, kama Mbulu nchini Tanzania, daktari hana budi kukumbuka pia kifuko cha lava wa mnyoo huyo. Maji yake hufanana na maji ya ubongo, hivyo CT inaweza kukikosa kabisa. MRI nzuri huonyesha ukuta wake mwembamba na nukta ndani, ambayo ni kichwa cha lava. Mwenye kifuko hiki ana mnyoo, si uvimbe.

Maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi, yakiambatana na kutapika, kuona maluweluwe au usingizi usio wa kawaida, yanataka hospitali yenye CT siku hiyo hiyo. Kabla ya picha, maji ya uti wa mgongo yasivutwe: njia ikiwa imeziba, kuyatoa kwa chini kunaweza kuusukuma ubongo kuelekea tundu la chini ya fuvu.