KLABU YA REDIO ZA CB: PIGA HESABU KABLA YA KUNUNUA ANTENA

Na Mwandishi Wetu

WENGI wanaotaka kuanzisha klabu ya redio za CB hukimbilia kwanza kununua antena ndefu. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mtambo hununuliwa mara moja, lakini wanachama wanatakiwa kutunzwa mwaka hadi mwaka.

Redio ya CB ni simu ya upepo inayotumiwa na raia wa kawaida bila kulipia muda wa maongezi. Nchini Marekani, ambako huduma hiyo ilianza kwenye megahezi 27 mwaka 1958, ina chaneli 40 na nguvu isiyozidi wati 4 kwa mawasiliano ya AM. Chaneli ya 9 ni ya dharura, na ya 19 imezoeleka kuwa ya madereva wa malori. Leseni ya mtu binafsi ilifutwa huko mwaka 1983. Uingereza iliruhusu redio hizo Novemba 1981 na kuondoa leseni Desemba 2006.

FAIDA

Faida ya kwanza ni unafuu. Mwenye redio, antena na betri ya gari anaongea hata umeme ukikatika au mitandao ya simu ikizimika.

Pili, klabu hufanya kazi ambayo mtu mmoja haiwezi. Chama cha REACT, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1962, kilijijengea jina kwa kuwapanga watu wa kujitolea kusikiliza chaneli ya 9 na kuwaitia msaada waliopata ajali barabarani.

Tatu, wanachama wakiagiza vifaa kwa pamoja hupata bei ya jumla. Aidha, fundi na muuza redio wa mtaani hupata wateja wa kudumu.

HASARA

Hasara ya kwanza inamgusa mfanyabiashara moja kwa moja: hewani hakuna siri. Anayetaja bei, mzigo au njia atakayopita amewatangazia pia washindani wake, na hata wezi.

Pili, umbali ni mdogo. Mjini, mawasiliano hufika kilometa chache tu. Aidha, jua linapofikia kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11, sauti kutoka nchi za mbali huweza kuwameza majirani. Wapo wanaotafuta dawa kwa kufunga vikuza nguvu, jambo ambalo ni marufuku kisheria Marekani na Uingereza, na likigundulika jina la klabu nzima huchafuka.

Tatu ni fedha. Tuseme wanachama 20 wanatoa dola 5 kila mwezi. Kwa mwaka klabu inakusanya dola 1,200. Wakibaki 8, mapato yanashuka hadi dola 480, ilhali bima ya mlingoti na kodi ya ukumbi hazipungui.

FUNZO LA SOKO

Kupungua huko si jambo la kufikirika. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, madereva wa malori wa Marekani walizitumia redio hizo kuulizana vituo vyenye mafuta na kutahadharishana kuhusu polisi wa barabarani. Umma ukafuata, na viwanda vikafurika oda. Chaneli zilipoongezwa kutoka 23 hadi 40 mwaka 1977, redio za zamani zilidoda madukani na bei zikaporomoka. Hy-Gain, kampuni ya Nebraska iliyokuwa ikitengeneza redio hizo, ilifilisika. Baadaye simu za mkononi zilichukua sehemu kubwa ya watumiaji waliobaki.

USHAURI

Kwa hiyo, anayeanza aanze na watu wachache wanaoishi karibu, wakutane hewani usiku mmoja wa wiki kwa miezi sita, kila mtu kwa redio yake. Watakaobaki ndio mtaji. Ada, katiba na mweka hazina vifuate, na mlingoti uwe wa mwisho.

Msomaji wa Tanzania asidhani kwamba msamaha wa leseni wa Marekani au Uingereza unamhusu. Masafa na vifaa vya mawasiliano hapa nchini vinasimamiwa na TCRA. Apate jibu la mamlaka hiyo kwa maandishi kabla ya kuagiza hata redio moja, kwani shehena iliyozuiwa bandarini haina faida wala hasara ya kujadili; ni fedha iliyolala.