Malaria Inapopanda Mlima Hadi Rumande

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai katika nchi ya Wakipsigis. Wakahamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye joto, mbung'o na mbu. Watu waliolelewa kwenye baridi ya milimani hawana kinga kubwa dhidi ya malaria. Adhabu ile ilikuwa pia adhabu ya hali ya hewa.

Leo mfungwa wa Kericho, katika nchi hiyohiyo ya Wakipsigis, hahitaji kupelekwa ziwani ili akutane na ugonjwa huo. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wanasayansi wamebishana sana kuhusu malaria ya kwenye mashamba yake ya chai. Mwaka 2002 kundi moja liliandika kwamba takwimu hazionyeshi mabadiliko ya hali ya hewa ya kutosha kuueleza mlipuko wake. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walipitia upya vipimo vya kila siku vya Kericho, kuanzia 1979 hadi 2009, wakakuta joto limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi.

Kiasi hicho si kidogo hata kidogo. Kijidudu cha malaria lazima kikomae ndani ya mbu kabla mbu hajafa. Kwenye nyuzi 18 hukawia karibu wiki nane, na ni mbu wachache mno wanaofikisha umri huo. Joto likizidi kidogo, siku za kungoja hupungua upesi. Usugu wa dawa nao umechangia malaria kurudi, na sitaupuuza.

Sasa mfikirie mama wa Bomet. Giza likiingia hufunga madirisha, hulala ndani ya neti aliyopewa kliniki, na mtoto akichemka usiku hutafuta bodaboda. Mahabusu hana hata moja kati ya hayo. Akishikwa na homa usiku wa manane, kilichobaki ni kugonga mlango na kumwita askari.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kifungu cha 51 cha Katiba kinasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizopatana na kufungwa kwake. Afya si mojawapo ya hizo. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015, katika kanuni ya 13, zinadai malazi ya wafungwa yazingatie hali ya hewa ya mahali. Kwa maoni yangu, hali hiyo ikibadilika, wajibu wa serikali nao hubadilika: seli iliyotosha wakati wa baridi kali inahitaji nyavu madirishani na dawa ya kupulizia ukutani.

Mfungwa anaweza kuudai wajibu huo mwenyewe. Kifungu cha 22 kinaruhusu malalamiko ya haki za msingi yafunguliwe bila ada, na mahakama, ikibidi, ipokee maandishi yasiyo rasmi. Kuna Mahakama Kuu Kericho, na nyingine Bomet. Karatasi ya daftari yatosha: aandike tarehe alizougua, saa aliyoomba tabibu, na saa aliyompata.