Siku ya Simu Huanza Saa Sita

Kijana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, Ramadhani alijiwekea mpaka: TikTok nusu saa kwa siku, kisha juzuu moja ya Qur'ani kila usiku. Kipimo hicho simu za Android na iPhone zilianza kukipata mwaka 2018. Muda ukiisha, programu hufungwa.

Lakini ajabu! Akirudi tarawehe huikuta imefungwa. Akikaa kungoja daku, imefunguka. Kumbe sisi siku yetu yaanza magharibi, na ya simu yaanza saa sita ya usiku. Basi nusu saa ya kesho huiliwa usiku uo huo, na msahafu umefunikwa.

Siku hizi, baada ya isha, simu humpa mamake mpaka alfajiri. Juzuu alifika ya 22.