Kisiwa cha Bukini Kilivyoteleza Kwenda Kusini

Mwenye ramani ya Afrika na aitandaze mezani. Tazameni kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Zamani za kale kisiwa hicho kilikuwa kimeungana na Afrika. Je, kiliungana nayo wapi?

Wengi hujibu: Msumbiji, kwa kuwa ndiyo nchi inayoelekeana nacho. Sivyo. Kilikuwa mbali zaidi kaskazini, kimeshikana na pwani ya Kenya na Somalia. Basi kilifikaje kule kiliko leo?

Vuteni mtoto wa meza, polepole. (Kama meza ya darasa lenu hana, aazimwe jirani.) Nyuma yake hufunguka nafasi. Lakini ubavuni hapana nafasi. Mbao husuguana na mbao. Ndivyo ilivyokuwa. Kadiri ya miaka milioni 160 iliyopita nchi ilipasuka, Bukini kikaanza kuvutwa kusini, sentimita chache kila mwaka, kama ukucha unavyokua.

Nyuma yake, upande wa kaskazini, mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalipanda katika ufa, yakapoa, yakawa sakafu mpya ya bahari. Gamba la bahari ni jembamba, unene wake kilometa 7 hivi. La bara hufika kilometa 30 hata 40.

Sasa sikilizeni sana. Ubavuni, upande wa magharibi, kwanza bara lilisuguana na bara. Kisiwa kilipozidi kwenda, ile sakafu mpya ilikifuata, nayo ikateleza kando ya ukingo wa Afrika. Hapo ukapatikana mpaka wa kuteleza kati ya gamba la bahari na gamba la bara. Ule ufa wa moto nao ulisogea kusini, na kila ulipokwisha kupita, msuguano ulikoma.

Twajuaje? Mawe yakipoa hushika usumaku wa dunia wa wakati ule, na usumaku huo umegeuka mara nyingi. Kwa hiyo sakafu ya bahari ina mistari. Mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey walionyesha kuwa mistari iliyo baharini mbele ya Kenya na Somalia imelala mashariki kwa magharibi. Basi mwendo ulikuwa wa kaskazini kwenda kusini.

Bukini kiliacha kuteleza kadiri ya miaka milioni 120 iliyopita. Kovu lake ni mgongo wa mawe uitwao Davie, chini ya Mlango wa Msumbiji.

Kwingineko msuguano kama huo ungaliko. Magharibi ya Kanada sakafu ya bahari huteleza kando ya bara kadiri ya sentimita 5 kwa mwaka. Lakini mawe hukwama miaka mingi, kisha huachia ghafula. Tarehe 22 Agosti 1949 yaliachia hivyo, likatokea tetemeko la nguvu 8.1.

Kabla ya somo lijalo, choreni Bukini katika karatasi, mkikate, mkisogeze juu ya ramani mpaka pwani ya Kenya. Kwaherini.