Maandishi yanabadilika ukubwa yakibandikwa: namba ambayo mafundi wengi hawaiangalii

Siku hizi mwaliko wa arusi au tangazo la msiba hutoka mara mbili: kwanza kama picha ya kusambaza kwenye WhatsApp, kisha kwenye karatasi, au kwenye lile turubai kubwa ambalo wengi huita bâche. Katika sekretariati za Lubumbashi, Bukavu au Bunia, kazi zote hizo hupita mikononi mwa kijana mmoja, kwenye kompyuta moja, mara nyingi mteja akiwa amesimama nyuma yake.

Kijana huyo anafungua mwaliko wa zamani ndani ya Photoshop ili autumie kama kielelezo. Pembeni anafungua ukurasa mpya. Zote mbili zina pikseli 1080 kwa 1080, na kwenye skrini zinalingana kabisa. Anaandaa maandishi kwa ukubwa uleule, 24, na kubandika majina ya maarusi. Kwenye mwaliko wa zamani majina yalikaa vizuri. Hapa yanafurika hadi nje ya ukingo. Siku nyingine inakuwa kinyume, yanageuka kama sisimizi.

Wengi hulaumu virusi, au programu waliyopewa na rafiki kwenye kifaa cha USB. Wanazima kompyuta na kuiwasha tena. Wengine huvuta herufi kwa mkono mpaka macho yaridhike, kisha wanaendelea na kazi. Kwa picha ya WhatsApp hilo halidhuru. Kwa kazi ya kuchapa, ni hatari.

Ukweli ni kwamba programu haijakosea. Ile 24 ni pointi, na pointi ni kipimo cha karatasi, si cha skrini. Pointi moja ni sehemu 1 ya 72 ya pouce, na pouce ni sentimita 2,54. Kwa hiyo pointi 24 ni kama milimita 8 na nusu, popote zitakapochapwa. Ili kujua milimita hizo ni pikseli ngapi, Photoshop huangalia namba nyingine iliyofichika ndani ya faili: idadi ya pikseli katika kila pouce. Faili ikiwa na 72, pointi 24 zinachukua pikseli 24. Ikiwa na 150, zinachukua 50. Ikiwa na 300, ambayo ndiyo namba ya kawaida ya kazi za uchapaji, zinachukua 100. Ndiyo sababu faili mbili zenye pikseli sawa zinaweza kuonyesha 24 ileile kwa ukubwa uliotofautiana mara nne na zaidi.

Namba 72 ina historia yake. Wachapaji wa Ufaransa walikuwa na pointi yao ya Didot, Wamarekani walikuwa na ya kwao ambayo 72,27 zilijaza pouce moja. Mwaka 1984 Adobe ilileta lugha ya PostScript ikiwa na pointi 72 kamili, na Macintosh ya mwaka huohuo ilikuwa na skrini ya nukta 72 kwa pouce, basi pointi na pikseli vikawa kitu kimoja machoni pa watu. Photoshop ilitoka mwaka 1990. Skrini za leo zimeachana kabisa na hesabu hiyo, lakini 72 bado imekaa kwenye faili nyingi.

Kupata chanzo hakuchukui hata dakika moja. Katika Photoshop ya Kifaransa, fungua Image, kisha Taille de l'image, na usome mstari wa Résolution katika faili zote mbili. Zikitofautiana, umeshampata mwizi. Ili kuzilinganisha bila kuharibu picha, ondoa alama kwenye Rééchantillonnage kabla ya kubadilisha namba. Pikseli zitabaki zilezile. Usishangae baada ya hapo maandishi ya 24 yakionyesha 5,76: kwenye skrini hayajasogea, ni hesabu ya karatasi tu iliyobadilika. Anayefanya kazi za simu peke yake ana njia rahisi zaidi: aingie Préférences, Unités et règles, achague pikseli kwa ajili ya maandishi, na asahau pointi.

Kwenye bâche ndipo fedha zinapopotea. Turubai la mita 3 likipimwa kwa 300 linadai zaidi ya pikseli 35 000 kwa urefu, na faili ya kawaida ya Photoshop, PSD, haivuki 30 000. Hata kabla ya kufika huko, kompyuta nyingi za sekretariati zingekwama. Kwa hiyo mafundi hutengeneza bâche kwa 72, na kadi kwa 300. Kosa linaingia pale jina linapokopiwa likiwa picha, si herufi. Picha haijui pointi. Inabeba pikseli zake tu. Jina la pikseli 100 lililotoka kwenye kadi litakuwa na sentimita 3 na nusu kwenye bâche, na hakuna atakayelisoma kutoka mlangoni mwa ukumbi. Likivutwa ili likue, kingo zake zinachoka. Bâche hulipwa kwa mita ya mraba, na ikishatoka kwenye mashine haina dawa. Hasara mara nyingi humwangukia kijana wa kompyuta, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kusoma mstari wa Résolution.

Afadhali jina lihamishwe likiwa bado herufi hai, ndipo lipewe ukubwa mpya. Na ukubwa huo upimwe kwa sentimita, kwa kufikiria mtu atasimama wapi, kwa sababu skrini inadanganya: bâche nzima ya mita 3 imebanwa pale ndani ya upana wa mikono miwili.

Wanaotumia GIMP, ambayo hailipiwi, hukutana na tatizo hili mara chache, kwani maandishi yake hupimwa kwa pikseli mpaka mtu mwenyewe achague kipimo kingine. Lakini jina lililogeuzwa picha lina tabia ileile huko pia. Hivyohivyo nembo ambayo mteja ameituma kwa WhatsApp kama picha: inafika ikiwa imepunguzwa pikseli. Aombwe aitume upya kama dokima, kabla bango halijaenda kwenye mashine.