Tumbo la Asubuhi ya Shule

Mtoto hulia tumbo kila Jumatatu asubuhi, lakini Jumamosi hucheza kutwa bila shida. Wazazi wengi huko Umoja, Kayole na Dandora humnunulia dawa ya minyoo, na isipomfaa humwita mvivu. Maumivu hayo si ya uongo. Mtu akiwa na wasiwasi, ubongo hupeleka ishara tumboni, na tumbo huuma kweli.

Kwanza mtoto apimwe. Homa, kutapika, kuhara damu, kukonda au maumivu yanayomwamsha usiku yahitaji daktari haraka.

Asipopatikana na ugonjwa, mwulize kwa upole: ni nani anayemwonea? Anaogopa mtihani? KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini hofu ya mitihani ingalipo. Kiboko nacho kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Akichapwa, mwone mwalimu mkuu. Akiwa salama huko, aendelee kwenda shule, kwani kukaa nyumbani huzidisha hofu.

Jiangalie nawe, mzazi. Katika nyumba ya chumba kimoja, ugomvi kuhusu kodi na karo humfikia mtoto hata akijifunika blanketi. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12.

Kwa ushauri, piga 116, simu ya bure ya Childline Kenya. Nawe ukikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili, nenda kliniki. Mtoto hatulii iwapo anayemlea anaumia kimyakimya.