Linda Jasho Lako Safarini



Kila mwaka sikukuu zikikaribia, wengi wetu tunafunga mizigo kwenda kuwaona wazee na watoto. Mfanyakazi wa mashamba ya miwa ya Kakira ambaye kwao ni Arua ana safari ya zaidi ya kilometa 500. Atapanda teksi hadi Jinja, kisha Kampala, ndipo atafute basi la Arua linalovuka mto Nile pale Karuma. Mfukoni amebeba mshahara wa mwezi, pengine na akiba ya mwaka mzima. Fedha hizo amezipata kwa kuinama juani siku nyingi. Mwizi wa mfukoni anazichukua kwa sekunde mbili. Katika kurasa hizi tunasema mara kwa mara juu ya kupata mshahara wa haki. Safari hii tuseme juu ya kuufikisha nyumbani.

Kwanza tuelewe kazi ya mwizi huyu. Hatumii nguvu wala dawa ya mganga. Anahitaji mambo matatu: kujua fedha ziko wapi, kukusogelea mwili kwa mwili, na kitu cha kuvuta mawazo yako. Mara nyingi hayuko peke yake. Mmoja anakuzibia njia mlangoni mwa basi, wa pili anachomoa, wa tatu anapokea na kuondoka polepole kama abiria mwingine. Ndiyo maana hata ukimkamata mkono yule wa pili, hukuti kitu.

Atajuaje fedha ziko wapi? Sisi wenyewe tunamwonyesha. Tunatoa bunda zima ili kumlipa konda. Tunapapasa mfuko kila hatua tano. Mtu akipiga kelele "Mwizi!", kila mmoja anashika mahali alipoficha fedha zake, na mwizi anasimama pembeni akitazama mikono yetu.

Mahali pa hatari ni penye msongamano: kituo cha zamani cha teksi mjini Kampala, soko la Owino lililo jirani, na mlango wa basi watu wanapogombania viti. Huko mtu atakumwagia maji halafu ajifanye kukufuta. Mwingine ataangusha sarafu miguuni pako ili uiname. Mwingine ana wembe wa kupasua mkoba kwa chini. Na ndani ya basi, jihadhari na mgeni mkarimu anayekupa biskuti au soda. Wako abiria waliolala usingizi mzito na kuamka bila kitu.

Basi tufanye nini?

1. Usibebe kinachoweza kutangulia. Tuma fedha nyumbani kwa simu au weka benki kabla ya kuondoka, ubaki na nauli na ya chakula. Ada ya kutuma inauma, lakini haifanani na kupoteza mshahara wote. Namba yako ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala usimpe wakala akubonyezee.

2. Fedha unazobeba zigawe. Nauli iwe noti ndogo ndogo katika mfuko wa mbele. Nyingine zitie katika kifuko cha kitambaa ulichoshona, ukivae ndani ya nguo. Mfuko wa nyuma wa suruali usitie kitu.

3. Mkoba uwe kifuani, siyo mgongoni. Ukikaa, uweke miguuni na upitishe kamba yake mguuni. Dirishani usishike simu gari linaposimama.

4. Bonyeza *#06# katika simu yako. Itatokea namba ya tarakimu 15, ambayo ndiyo alama ya simu hiyo. Iandike katika karatasi pamoja na namba za ndugu zako, uiache kwa mtu unayemwamini. Simu ikiibwa, funga laini mara moja katika kampuni ya simu, kisha upeleke karatasi hiyo polisi.

5. Msafiri wawili au watatu wa kambi moja. Mmoja akikata tikiti, mwingine analinda mizigo. Mmoja akilala, mwingine yuko macho.

Ukiibiwa ndani ya gari, mwambie dereva kabla abiria hawajashuka. Lakini tusijiunge na kundi la kupiga mtu. Tumekwisha kueleza jinsi mali inavyopita mikono mitatu: anayepigwa huenda ni abiria kama wewe, na fedha zimekwisha kwenda. Akifa, wale waliopiga wana kesi ya mauaji, na mshahara haukurudi.

Jambo la mwisho si la mtu mmoja mmoja. Mwajiri anapolipa taslimu jioni ya kuamkia sikukuu, anatutuma barabarani na fedha zote mwilini, na wezi wanaijua siku hiyo kuliko sisi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara wa taslimu ulipwe siku ya kazi, kazini au karibu na kazini, na unakataza kulipa katika baa. Kamati za matawi ziende mbele zaidi. Ziombe katika makubaliano na mwajiri kwamba mshahara wa mwezi wa sikukuu utoke walau wiki moja kabla, ili kila mtu apate nafasi ya kutuma, kununua mahitaji na kukata tikiti bila haraka. Haraka ya abiria ndiyo shamba la mwizi.

Leteni jambo hili katika mkutano ujao wa tawi, kabla orodha ya likizo haijabandikwa. Safari njema, ndugu.